Ufadhili wa wachora sura: kwa nini mchoro uliosifiwa na mtaa mzima unaweza kukataliwa

Kila baada ya miezi michache tangazo la namna ileile huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasanii wa Dar es Salaam: kuna skolashipu ya wachora picha za watu, gharama zote zimelipwa, wahi kabla ya Ijumaa. Siku hiyo simu yangu haitulii. Mama mmoja wa Sinza aliniuliza kama mwanawe atakuja kukatwa mshahara akianza kazi. Kijana anayechorea pale Mwenge akataka kujua kama mchoro wake wa Mwalimu Nyerere unatosha kuombea. Wa tatu hakuuliza, alitoa hukumu: "Matapeli hao, achana nao." Mama alikuwa akizungumzia mkopo, kijana mashindano, na yule wa tatu huenda alikuwa sahihi kuhusu tangazo lile, ila si kuhusu fedha za aina hii kwa jumla. Jambo limevurugika kuanzia kwenye majina, basi tuanze na majina.

Picha ya sura ni mchoro wa mtu fulani, si wa mtu yeyote. Ukichora mwanamke wa Kimasai mwenye kibuyu, nyuma yake jua linazama, hiyo si picha ya sura hata uso ukipendeza vipi, kwa sababu mwanamke huyo hana jina wala jirani. Ukimchora muuza vitumbua wa mtaani kwenu, na wateja wake wakasimama wakacheka wakasema "huyu ndiye mwenyewe," hapo umechora sura. Wenye kupenda maneno mapya huiita potreti. Ni kitu kilekile.

Ufadhili ninaouzungumzia hapa ni wa wachora sura wa uhalisia, na uhalisia ndilo neno linalowapoteza wengi. Watu hudhani maana yake ni kuchora kila kinyweleo hadi mchoro ufanane na fotografia. Fikiria picha tatu za mtu mmoja. Ya kwanza ni ya pasipoti: sura kavu, mwanga wa mbele, haina uongo wala uhai. Ya pili ni ya harusi iliyopitishwa filta, ngozi laini kama ya mtoto. Ya tatu haiko kwenye karatasi, ni maneno ya mama yake anapomwelekeza mgeni atakayempokea stendi ya Magufuli pale Mbezi: "Mrefu, bega moja limeshuka, anatembea kama anatafuta kitu alichodondosha." Mgeni atamtambua kwa hayo maneno haraka kuliko kwa pasipoti. Uhalisia katika uchoraji uko karibu zaidi na yale maneno ya mama. Ni kumchora mtu kwa kumtazama alivyo, katika mwanga uliopo, bila kumpamba na bila kumtesa.

Halafu "ufadhili" wenyewe. Chini ya neno hili watu wanatia vitu vinne visivyofanana, na fundi cherehani anaweza kutusaidia kuvitenga. Akikukopesha cherehani ukalipa kidogo kidogo, huo ni mkopo. Akikufundisha kushona bila kukutoza, huo ni ufadhili wa masomo, na kumbuka hapo hukupewa hela, ulisamehewa ada. Akija mtu akaona unachoshona, akakununulia kitambaa na nyuzi uendelee, hiyo ni ruzuku. Na gauni lako likishinda kwenye maonyesho, ukapewa bahasha, hiyo ni tuzo.

Hofu ya yule mama wa Sinza ilitoka kwenye kitu cha kwanza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukopesha, na mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ruzuku ya wasanii haina makato hayo. Na kwa kuwa naulizwa mara kwa mara: ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni wa vijana waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Si wa wachoraji. Tusiuchanganye humu.

Sasa, je, kuna fedha za kweli kwa wachora sura wa uhalisia? Zipo, ingawa nyingi haziko hapa nchini. Inayotajwa zaidi ni ya Elizabeth Greenshields Foundation ya Montreal, Kanada. Ilianzishwa mwaka 1955 na Charles Glass Greenshields, mwanasheria aliyependa kuchora, akaipa jina la mama yake. Hii ni ruzuku. Inawalenga wasanii walio mwanzoni mwa safari yao wanaochora, kupaka rangi, kuchonga au kuchapa vitu vinavyotambulika: watu, mandhari, vitu vya nyumbani. Sanaa dhahania, ile ya maumbo na rangi bila kitu cha kukitambua, inakataliwa moja kwa moja na hati iliyouanzisha mfuko huo. Wapiga picha za kamera nao hawamo. Fedha hulipwa kwa dola za Kanada, ambazo thamani yake ni ndogo kuliko za Marekani, kwa hiyo usipige hesabu ya kiwanja mapema. Ila unaweza kuzitumia kwa ada, vifaa, safari ya masomo, hata kodi ya chumba cha kuchorea.

London kuna Royal Society of Portrait Painters, chama cha wachora sura kilichoundwa mwaka 1891, ambacho hutoa tuzo zake. National Portrait Gallery, jumba la picha za sura la mjini humohumo, limekuwa na shindano lake tangu mwaka 1980. Halafu kuna shule ndogo za namna ya karakana, mfano Florence Academy of Art iliyoanzishwa Italia mwaka 1991, ambako mwanafunzi huchora sanamu za plasta kwa mkaa, miezi na miezi, kabla hajaruhusiwa kugusa rangi ya mafuta. Wanafunzi wa shule kama hizo ndio wanaotafutiwa ufadhili wa masomo kwa maana yake halisi.

Tumrudie kijana wa Mwenge, kwa sababu swali lake ndilo lenye nyama.

Kijana ana mkono. Nasema hivyo bila kumbembeleza. Mchoro wake wa Mwalimu, penseli kwenye karatasi ya A3, una kila mkunjo wa paji la uso, na wapita njia husimama kuutazama. Aliufanya kwa gridi, kama wanavyofanya wengi: unafungua picha kwenye simu, unaigawa kwa mistari kuwa vyumba vidogo, unachora vyumba hivyohivyo kwenye karatasi, kisha unahamisha chumba kimoja kimoja. Ni njia ya zamani na si haramu. Lakini ukiwa ndani ya chumba kimoja huchori pua, unachora kivuli chenye umbo la kiberiti. Unaweza kumaliza uso mzima bila kuujua.

Mjomba wake alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwetu, kwenye benchi la kijiwe cha bodaboda chini ya mwembe, anakunywa kahawa. Nikamwambia, mchore mjomba. Kijana akatoa simu ampige picha. Nikamwambia hapana, mtazame tu.

Dakika ishirini baadaye pua ilikuwa imelala upande na jicho la kushoto limepanda juu kuliko la kulia. Mjomba aligeuka kila abiria alipoita. Kivuli cha tawi kilikuwa shavuni tulipoanza, kikahamia shingoni. Kijana akafuta, akachora, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka penye kidevu.

"Huyu hakai!" akalalamika.

Mjomba akasikia. "Mimi nimekaa, we ndo huoni."

Sikuwa na la kuongeza. Fedha za wachora sura wa uhalisia, ziwe za ada, za ruzuku au za tuzo, kwa kiasi kikubwa zinalipia kile alichokisema mjomba: muda wa kukaa mbele ya mtu aliye hai mpaka umwone. Shindano la National Portrait Gallery lilitaka hata kwenye masharti yake kwamba kazi itokane na kumtazama mtu aliye hai mbele ya mchoraji. Kwenye zile karakana za Italia, mtu mmoja hukaa mkao uleule saa tatu kwa siku, wiki kadhaa mfululizo, na wanafunzi wanamchora yeye tu. Mchoraji husimamisha ubao wake sambamba na mtu anayechorwa, anarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mtu na mchoro vionekane vina ukubwa mmoja, analinganisha, anasogea kuweka alama moja, anarudi tena. Siku nzima huku na huko. Wanaovaa saa za kuhesabu hatua wangefurahi.

Kwa nini wasiridhike na picha ya simu? Kwa sababu simu ilishaamua mambo mengi kabla hujashika penseli. Jipige selfi kwa urefu wa mkono, kisha mpe mtu akupige kutoka hatua tano na aivute. Kwenye ile ya kwanza pua imevimba na masikio yamejificha. Pua ilikuwa karibu sana na lenzi kuliko masikio, basi ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mchoraji anayenakili selfi ananakili na kosa hilo, na mwamuzi aliyezoea kuchora watu analiona mara moja, kabla hajaangalia kitu kingine.

Kwenye ngozi yetu tatizo linazidi. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha duniani zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za Shirley. Ndiyo maana kwenye albamu za zamani za harusi za kwetu kuna wajomba wanaoonekana meno na macho tu. Simu za leo zina nafuu, lakini nyingi bado hung'arisha uso zenyewe bila kuombwa. Kiswahili, kwa bahati, kilishaona zaidi ya kamera: tunasema mweusi tii, maji ya kunde, mweupe, na kila mtu anajua tofauti. Kaa barazani umtazame mtu wa maji ya kunde saa nne asubuhi. Paji la uso limebeba ubuluu wa anga. Chini ya kidevu kuna wekundu uliotoka kwenye kanga aliyojifunga. Sikio lililopigwa jua kwa nyuma linawaka kama kaa la moto. Mwanafunzi anayefikia tyubu ya rangi nyeusi kutia kivuli anapata uso wa masizi, kisha anashangaa umekufa vipi. Kahawia nzito ukiichanganya na buluu hupata giza lenye uhai ndani yake, na ukiongeza kahawia linapata joto, ukiongeza buluu linapoa.

Hapo nataka kuchomeka jambo ambalo vitabu vya kule havitakuambia. Shule za Ulaya husifu sana dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kule jua haliingii upande huo na mwanga unabaki mtulivu siku nzima. Kijana wa Dar akisoma hivyo akafungua dirisha la kaskazini, mwezi wa Juni jua litamwingilia, maana wakati huo linapita kaskazini mwetu. Desemba linapita kusini. Mapema Machi na tena Oktoba linakuwa utosini kabisa saa sita mchana, na kila mtu anageuka kuwa na mashimo mawili mahali pa macho. Kwetu dirisha la kuaminika mwaka mzima halipo. Kuna baraza, kuna pazia jeupe, kuna mwembe, na kuna kuamka mapema.

Nimalize na yanayosemwa vijiweni.

Wengine wanasema uhalisia ni mambo ya Wazungu, sisi tuna Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliacha mtindo wa heshima kubwa, wa rangi ya baiskeli juu ya ubao, na wanaouendeleza pale Oysterbay hawahitaji kibali cha mtu. Lakini kusema sura halisi si ya Afrika ni kusahau vichwa vya Ife huko Nigeria, vya udongo na vya shaba, vilivyofanywa kati ya karne ya 12 na ya 15, vyenye mashavu na midomo ya watu utakaodhani umewaona Kariakoo. Mjerumani Leo Frobenius alipoviona mwaka 1910 hakutaka kuamini kuwa ni kazi ya Waafrika, akatafuta Wagiriki wa kuwapa sifa. Misri, karne ya 1 hadi ya 3, watu walizikwa na picha za sura zao zilizopakwa kwa nta juu ya mbao, na macho yao yanakutazama mpaka leo. Karibu zaidi na sisi, barakoa za mapiko za Wamakonde huwekwa nywele za mtu na chale za usoni.

Tena historia ya hapa inachekesha kidogo. Chuo cha Makerere, Uganda, ambako Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, mwalimu huyo Mzungu ndiye aliyewazuia wanafunzi Waafrika wasifuate mafunzo ya kitaaluma ya Ulaya, akitaka wachore kutoka kwenye fikra na hadithi zao. Sam Ntiro wa Machame alipita mikononi mwake, kisha akasoma shule ya sanaa ya Slade, London, na baadaye akawa balozi wetu hukohuko. Picha zake za watu mashambani ni nzuri, lakini watu wale ni kijiji, si fulani bin fulani. Kwa hiyo kama kuna mtu alitunyima uhalisia, si babu zetu.

Wengine wanasema bila digrii husogei. Si kweli kwa kila mfuko. Greenshields, kwa mfano, huangalia kama umeanza au umemaliza mafunzo kwenye shule ya sanaa, au kama kazi zako na mipango yako inaonyesha umekusudia kuifanya sanaa iwe maisha yako. Aliyepitia TaSUBa pale Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1981, au idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana cheti cha kuonyesha. Aliyejifunzia kwenye karakana za Nafasi Art Space, Mikocheni, au kwa fundi wa mtaani, ana kazi zake na watu wa kumwandikia barua za kumthibitisha. Barua iandikwe na mtu aliyekuona ukifanya kazi. Ya diwani ambaye hajawahi kukuona na penseli haisaidii, hata ikiwa na mhuri.

Kuhusu utapeli: mfuko wa ruzuku wa kweli hautakuambia utume "ada ya usajili" kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na hautakuhakikishia nafasi kabla ya kuona kazi. Greenshields haichukui ada ya maombi na haina tarehe ya mwisho, hupokea maombi mwaka mzima, kwa hiyo tangazo linalokukimbiza ufike kabla ya Ijumaa kwa jina lake limejiumbua lenyewe. Ila baadhi ya mashindano ya kweli hutoza ada ya kuingiza kazi, na hapo watu huchanganyikiwa. Ingia kwenye tovuti ya wenyewe, soma mwenyewe, usitegemee picha ya skrini iliyopita mikononi mwa watu arobaini.

Mengi huharibikia kwenye kupiga picha za kazi zenyewe. Mchoro wa penseli hung'aa, na flashi huufanya nusu yake ionekane kama bati. Utoe nje kivulini, uusimamishe wima, simu iwe usawa wa katikati ya mchoro, kata fremu na meza na vidole vyako. Usiandike namba yako ya simu juu ya uso wa mtu kama unavyofanya Instagramu. Na usipeleke nyuso za marais na wanamuziki ulizozitoa kwenye intaneti. Picha zile zina wenyewe waliozipiga, na waamuzi wameziona mara mia.

Kwenye maelezo, andika utafanya nini na muda huo. "Nataka kuinua sanaa ya Tanzania" imeandikwa na kila mtu. "Nataka kuchora madereva kumi wa kijiwe kimoja, kila mmoja saa sita, kwa mkaa halafu kwa rangi ya mafuta" inasomeka. Kwenye bajeti usisahau malipo ya mtu anayekaa kuchorwa. Bodaboda aliyekaa saa tatu amepoteza safari zake, na ukimlipa anakaa vizuri zaidi. Wapo watakaokataa kuchorwa, kwa dini yao au kwa malezi tu. Shukuru, uende kwa mwingine.

Kijana wa Mwenge hajaomba bado. Ameweka gridi pembeni, na kila asubuhi kabla jua halijapanda anakaa pale kijiweni na mkaa. Mchoro wa saba wa mjomba ulikuwa umeanza kufanana, mpaka mama ntilie wa jirani alimtambua kutoka mbali. Alikuwa amefika kwenye ndevu. Jumatatu mjomba akaja amenyoa.